Karatasi ya Damu na Saumu ya Mpwa Wangu



Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma hadi wenzake wote walipovaa viatu na kuondoka. Kisha akaniuliza, huku amekikunja kikaratasi kiganjani: "Sheikh, binti yangu hali chakula cha maana tangu Rajabu. Nimempeleka akapimwa damu, nao wameniambia protini yake i sawa. Basi nina haki gani ya kuendelea kumkera?"

Sikuweza kumjibu pale pale ikatosha. Swali lake nililijua vyema. Mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya, na jibu langu lile nusura limwondoe mpwa wangu duniani. Nimemwomba idhini mpwa wangu huyo, na mama yake ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, niyaandike haya. Wameniruhusu kwa masharti mawili: nisilitaje jina lake, wala nisiutaje uzito aliofikia. Sharti la pili alilitoa yeye mwenyewe. Aliniambia, "Mjomba, wako wasichana watakaoisoma namba hiyo kama alama za mtihani, na watataka kunishinda." Jambo hilo halikuwa limenipitikia akilini hata kidogo, na nimeliheshimu.

Alikuwa na umri wa miaka 16, yuko Kidato cha Tatu, na jioni alisoma chuoni kwangu. Alikuwa amehifadhi juzuu 9. Alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, ikawa furaha nyumbani. Baada ya miezi michache akahamia saumu ya Nabii Daudi, siku moja kufunga na siku moja kula. Kisha hata ile siku ya kula ikapotea. Nami nikamsifu. Wala sikumsifu faraghani. Nilimsimamisha mbele ya wasichana wenzake nikawaambia watazame mfano mwema. Leo nikiukumbuka uso wake siku ile nayaona yale ambayo jicho langu lilikataa kuyaona: mashavu yameingia ndani, midomo imekauka, na ngozi ya mikono ina rangi ya majivu. Sehemu nyingine zote zilifunikwa na buibui, na buibui husitiri wembamba kama linavyositiri unene.

Kisa cha Salman na Abu Dardaa nakijua tangu utotoni. Kimo katika Sahihi Bukhari. Salman alimzuru ndugu yake akamkuta amezama katika saumu na kisimamo cha usiku hata haki ya mke wake imesahauliwa. Akakataa kula mpaka mwenyeji wake aifungue saumu ya suna na ale pamoja naye. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akaithibitisha kauli ya Salman. Abdallah bin Amri naye alizuiliwa asivuke saumu ya Daudi. Visa hivi nimevisomesha mara zisizo na idadi. Sikuwahi kufikiri kwamba vilimhusu msichana aliyeketi mbele yangu, kwa kuwa kila nilipovisoma nilidhani kupita kiasi katika ibada ni tabia ya wanaume wenye ndevu.

Kuna jambo jingine, na mama zangu mtanisamehe nikilitaja waziwazi, maana haya haifai kuizuia elimu. Ramadhani ya mwaka ule dada yangu alinipa habari kwa furaha: binti amefunga siku zote 30, na Shawwal akaunganisha zile 6, wala hana deni hata la siku moja. Nikasema mashaallah. Mimi ninayeusomesha mlango wa hedhi kila mwaka, ninayewaeleza wanawake siku zipi wafungue na vipi wazilipe, sikujiuliza inakuwaje msichana aliyekwisha baleghe miaka mitatu nyuma asiwe na siku moja ya kulipa. Ukweli ni kwamba hedhi yake ilikuwa imekatika kwa muda wa miezi 7. Mwili unaokosa chakula huweza kuizima hedhi, kama mwenye nyumba anayezima taa za vyumba asivyovitumia ili mafuta yabaki kwa chumba kimoja. Mke wangu, nilipomsimulia baadaye, alinitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Ungeniuliza mimi."

Jikoni ndiko alikotuzuga zaidi. Yeye ndiye aliyepika futari ya nyumba nzima: mbaazi za nazi, viazi, kaimati, sambusa, mkate wa sinia. Alikuwa na daftari la mapishi aliloliandika kwa hati nzuri kuliko madaftari yake ya shule. Yeye mwenyewe alifuturu kwa kokwa moja ya tende na maji, akaenda kuswali, na aliporudi alikuwa na shughuli ya kuwapakulia wengine. Nilidhani mtu anayekihama chakula hakifikirii. Baadaye nilisoma habari za jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kati ya mwaka 1944 na 1945 chini ya bwana Ancel Keys. Wanaume 36 wenye afya, waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao, walijitolea kulishwa takriban nusu ya chakula walichokizoea kwa muda wa miezi 6. Wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi, wanaona baridi wakati wa joto, wanakasirika kwa jambo dogo, wanajitenga na wenzao. Watu hao hawakuwa na maradhi yoyote ya akili walipoanza. Njaa yenyewe ndiyo iliyowageuza. Nilipoyasoma hayo nilimwona mpwa wangu na daftari lake.

Maradhi yake yanaitwa anoreksia nevosa. Jina hilo lilitolewa na daktari William Gull wa London mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Charles Lasègue wa Paris aliyaeleza maradhi hayo hayo. Lakini watu waliojinyima chakula hata wakafa walikuwapo kabla yao, na wengine walijinyima kwa jina la ibada. Wakristo wa Italia wanaye Catherine wa Siena, aliyefariki mwaka 1380 akiwa na umri wa miaka 33 baada ya kujinyima kwa miaka mingi, na wanahistoria wangali wanajadiliana kama yake yalikuwa maradhi haya. Ni miongoni mwa maradhi ya nafsi yanayoua watu wengi zaidi. Wapo katika jamaa zetu waliosema kwamba ana jini. Mimi nilimsomea, na ningali namsomea. Kumsomea mgonjwa hakumzuii mtu kumpeleka hospitali.

Aliyegundua si mimi wala si mama yake. Ilikuwa harusi ya binamu yake, na aliyekuja kuwatia wasichana hina aliushika mkono wake akaushangaa ulivyo baridi. Alipoukunja mkono wa nguo aliona nywele laini, zile tuziitazo malaika, zimeota kwa wingi kuanzia kifundo hadi kiwikoni, kama za kitoto kichanga. Akamwita dada yangu kando akamwambia: "Mwanao huyu haumwi?" Ndipo dada yangu alipoanza kutazama. Akaona kwamba binti, akiinuka kutoka kwenye sijida, hushika ukingo wa kitanda. Wanawake wa nyumbani walikuwa wameisifu sijida yake kwa urefu wake. Kumbe miguu ilikuwa haina nguvu ya kumwinua.

Wiki iliyofuata alizirai shuleni. Akapelekwa zahanati moja ya binafsi, akatundikiwa dripu ya glukosi, akatolewa damu. Jioni tukakabidhiwa karatasi. Ningali nayo, nimeiweka ndani ya kitabu cha fiqhi, kwenye mlango wa saumu. Imeandikwa: albumini 43, na kando yake kipimo cha kawaida, 35 hadi 50. Aliyetukabidhi alisema protini zake ziko vizuri, hana utapiamlo, ale tu. Niliisoma karatasi ile kama mzazi asomavyo ripoti ya shule. Nikamwambia dada yangu: "Umeona? Mtoto mzima. Mpumzishe na umlishe."

Nitasimama hapa kidogo, kwa kuwa hili ndilo swali la mama yule, na jibu lake nililipata baadaye kutoka kwa daktari mmoja wa hospitali, binti wa umri wa wanangu, aliyekuwa na subira kuliko waalimu wengi niliopata kuwaona.

Albumini ni protini inayotengenezwa na ini na kumiminwa katika damu. Kazi yake kubwa ni kuyashika maji yabaki ndani ya mishipa, na pia hubeba vitu vingi, zikiwamo dawa. Akili ya kawaida husema: albumini ni protini, protini hutokana na chakula, basi asiyekula albumini yake itashuka. Hesabu hiyo ni nyepesi, na mwili hauendi hivyo. Msichana anayejinyima polepole kwa miezi, asiye na homa wala kidonda wala maambukizi, aghalabu huwa na albumini ya kawaida hata akiwa amebaki mifupa. Sababu ziko kadhaa. Albumini hukaa muda mrefu katika mwili. Nusu yake huchukua takriban siku 20 kutoweka, na mwili wenye njaa huipunguza kasi hiyo ya kuivunja. Tena ile iliyokuwa nje ya mishipa huvutwa kurudi ndani. Mgonjwa huwa pia na upungufu wa maji, na damu iliyopungua maji huonyesha kila kitu kuwa kingi kuliko kilivyo. Na zaidi ya yote, misuli huvunjwa ili ini lipate malighafi yake.

Mimi, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo, nilimwelewa daktari nilipomkumbuka jirani yetu mmoja wa zamani aliyekuwa na duka. Biashara ilipomharibikia hakutaka watu wajue. Akauza kabati la nyumbani, kisha kitanda, kisha mikufu ya mkewe, na kila alichouza alinunulia bidhaa za kujaza rafu. Mpita njia aliliona duka limejaa. Nyumbani watoto walilala sakafuni. Karatasi ya damu ni dirisha la duka, na kitanda na kabati ni misuli ya mtu, ukiwamo moyo, nao ni msuli. Mapigo ya moyo wa mpwa wangu yalikuwa yameshuka hata mashine ya hospitali ikawa inapiga kelele usiku.

Zipo protini nyingine zinazotoweka upesi kuliko albumini. Transferini, inayobeba madini ya chuma, nusu yake hutoweka kwa siku 8 hadi 10. Transthairetini huchukua kama siku 2, na ile inayobeba vitamini A huchukua kama nusu siku tu. Hizi huweza kushuka kwa wagonjwa hawa na kupanda wanapolishwa, kama zinavyofanya baadhi ya protini za kinga ziitwazo komplimenti, na ile itokayo katika ini iitwayo IGF-1. Nilipoyasikia hayo niliuliza mbona basi mpwa wangu hakupimwa hizo. Daktari akacheka kidogo. Akasema: "Sheikh, hata hizo zisikushughulishe. Mtu akipata maambukizi hushuka hata kama jana alikula pishi nzima." Nimeona baadaye kwamba hata jumuiya ya Marekani ya wataalamu wa kulisha wagonjwa ilitoa waraka mwaka 2021 ikieleza kuwa albumini na transthairetini zisitumiwe kama kipimo cha lishe, kwa kuwa hueleza zaidi habari za uvimbe na maambukizi mwilini kuliko habari za chakula.

Basi kwa nini tumezoea kusikia kwamba njaa hushusha protini za damu? Nadhani ni kwa sababu ya watoto. Sisi huku tunaujua unyafuzi: mtoto aliyevimba miguu na uso, nywele zimebadilika rangi, albumini iko chini. Maradhi hayo yalielezwa na daktari Cicely Williams alipokuwa Ghana, enzi hizo ikiitwa Gold Coast, katika miaka ya 1930, naye akalitumia jina la wenyeji, kwashakoo, linalomhusu mtoto anayeondolewa kifuani mdogo wake azaliwapo. Lakini yuko pia mtoto wa njaa asiyevimba, aliyebaki ngozi na mifupa na uso wa kizee, naye aghalabu albumini yake haishuki kwa kiwango kile. Kwa nini njaa moja izae watoto wa sura mbili, wataalamu wangali wanajadiliana. Msichana wa anoreksia anafanana na yule wa pili. Kwa hiyo tukimtafutia dalili za yule wa kwanza tutamwambia ni mzima hadi siku tunapomkafini.

Narudi nyumbani kwa dada yangu. Tulimlisha. Nilikuwa nimempa fatwa binti kwamba saumu kwake sasa haifai, kwa kuwa mgonjwa ana ruhusa na kujidhuru ni haramu, naye akalia, akatii. Ndugu wakaja kila mmoja na sinia. Uji wa shayiri wenye asali, tende, halua, maji ya miwa, wali wa nazi. Mama yake alikaa naye akambembeleza kijiko baada ya kijiko. Siku ya pili alionekana ana rangi, tukamshukuru Mungu. Siku ya tatu vifundo vya miguu vikavimba. Shangazi mmoja akasema ameanza kunenepa. Siku ya nne usiku alishindwa kuvuta pumzi akilala, akawa anasema maneno yasiyoeleweka, akamwita bibi yake aliyekwisha kufariki.

Tulifika hospitali kabla ya alfajiri. Swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Amekula nini tangu lini?" Nikalitaja kila sinia kwa fahari. Niliuona uso wake ukibadilika. Damu ilipopimwa, fosfati ilikuwa 0.4, ilhali haifai kushuka chini ya 0.8. Potasiamu nayo ilikuwa chini.

Maelezo yake ni haya, nami nayaandika polepole ili kila mama ayafahamu. Mtu mwenye njaa ya muda mrefu huishi kwa mafuta na misuli yake, na homoni ya insulini hushuka. Akiba ya fosfati, potasiamu na magnesiamu ndani ya chembe za mwili huisha, lakini kipimo cha damu huweza kuonekana sawa. Hapo tena ni duka na nyumba! Akipewa chakula kingi ghafla, hasa cha sukari na wanga, insulini hupanda, na kila chembe hufungua mlango na kuyanyakua madini hayo kutoka katika damu. Damu hubaki bila fosfati, na bila fosfati misuli ya kifua na ya moyo haina nguvu ya kufanya kazi. Vitamini B1, ambayo mwili huihitaji ili kuutumia wanga, nayo huisha, na hapo ubongo huathirika. Wakati huo huo insulini huziamuru figo zishike chumvi na maji, na miguu huvimba. Uvimbe ule uliodhaniwa unono ulikuwa maji.

Jambo hili lina historia yake. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, mateka Wajapani waliokuwa wamedhoofika kwa njaa huko Ufilipino walianza kulishwa, na baadhi yao wakafa baada ya chakula kufika. Mama yeyote aliyewahi kulazwa na mtoto mwenye utapiamlo katika hospitali zetu anayajua maziwa ya F-75, na huenda alikasirika, kama nilivyokasirika mimi, alipoona mwanawe aliyekonda anapewa maziwa mepesi kwa vipimo vya kichoyo. Maziwa hayo yametengenezwa mepesi kwa makusudi, yawe na nguvu kidogo na protini kidogo, ili mwili uzoee kwanza kabla ya kuhamia kwenye F-100.

Mpwa wangu alipewa vitamini B1 kwanza, kisha fosfati na potasiamu, kisha chakula kidogo kidogo kwa mpira wa puani, na damu yake ikapimwa kila siku. Kiasi alichopewa sitakitaja, mtu asije akakijaribu nyumbani.

Siku ya sita tulipewa karatasi nyingine. Albumini ilikuwa 29.

Hapo palitokea fitina. Jamaa zetu walikuja juu. Alifika hospitali akiwa na protini 43, na sasa, baada ya siku sita za dawa na chakula chao, ana 29! Mjomba wangu mmoja, mzee wa kuheshimiwa, alitaka tumtoe siku hiyo hiyo. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa upande wake hadi daktari aliponiita chemba. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, ile 43 ilikuwa ya damu iliyokauka. Sasa maji yamerudi na damu imetanuka, kwa hiyo kitu kile kile huonekana kichache, kama sukari ile ile katika birika lililoongezwa maji. La pili, maji peke yake hayatoshi kueleza tofauti kubwa hivyo. "Albumini ya mgonjwa wa namna hii ikishuka," akasema, "mimi silaumu chakula. Natafuta maradhi yaliyojificha." Akaagiza kipimo cha uvimbe katika damu na picha ya kifua. Mpwa wangu alikuwa na nimonia, bila homa na karibu bila kikohozi, kwa sababu mwili uliochoka namna ile hauna hata nguvu ya kuwasha homa. Wakamwanzishia dawa siku hiyo.

Kwa hiyo namba ile ile ilitudanganya ilipokuwa nzuri na ikatusaidia ilipokuwa mbaya. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Sisi wanazuoni tumefunzwa kwamba hadithi haisomwi bila kujua sababu na mazingira yake, na kwamba mwenye kushika lafudhi moja akaacha zilizobaki atapotea na atapoteza wengine. Nilijua hayo kuhusu vitabu vyangu, nikaingia katika karatasi ya maabara kama mtu asiyesoma.

Alilala hospitali wiki 5. Albumini ilirudi 36 alipopona nimonia, ilhali bado alikuwa mwembamba mno. Yaani kupanda kwake nako hakukuwa habari ya unono. Enzimu za ini zilipanda kwa muda alipoanza kula, tukatishika tena, kisha zikateremka. Kazi kubwa ilianza nyumbani. Mama yake alikaa naye kila mlo kwa karibu mwaka mzima, staftahi, chamcha na chajio, pamoja na mtaalamu wa nafsi waliyemwona kila wiki. Kulikuwa na siku za kutupa sahani na siku za matusi ambayo sikudhani mtoto yule anayajua. Daktari alituonya kwamba ni maradhi yanayosema, si binti. Sikulikubali jambo hilo kwa wepesi, na ziko siku ambazo bado silikubali.

Nilimwomba radhi mbele ya wasichana wale wale niliomsimamisha mbele yao. Alinikataza kwanza, kisha akasema nifanye, lakini nisiseme maneno mengi.

Kuhusu saumu: Ramadhani mbili hakufunga, kwa amri ya daktari na kwa fatwa yangu. Deni lake ni la kulipa atakapopona kwa kauli ya daktari anayeaminika, kwa kuwa maradhi yake yanatarajiwa kupona. Wala asilifanye deni hilo kuwa kisingizio cha kuanza tena. Nimewaambia hayo pia wazazi wa wasichana wengine wawili waliokuja kwangu tangu wakati ule. Mwalimu wa chuo yeyote anayeniuliza, namwambia asimsifu mtoto kwa saumu ya suna hadharani. Wako waliosema nimelegeza dini.

Sasa, mama uliyeniuliza. Karatasi uliyokuwa nayo haikupi ruhusa ya kutulia. Mtazame binti yako akichuchumaa: je, anainuka bila kushika kitu? Mguse mikono. Muulize habari za mwezi wake, wewe na si baba yake. Mkiwa mmekaa, mhesabie mapigo ya mshipa kwa dakika nzima; yakiwa chini ya 50, au akizirai, au miguu ikivimba, usingoje asubuhi. Usimlazimishe masinia kabla hajaonwa. Mkifika hospitali, waambie waziwazi ni siku ngapi hajala vizuri na ni nini alichokula tangu jana, na uombe apimwe fosfati, potasiamu, magnesiamu na moyo, na arudiwe kupimwa akianza kula. Wakikuambia protini yake i sawa, waambie umesikia, lakini ungependa apimwe na hivyo vingine.

Na ikiwa mumeo atasema ni uchaji Mungu tu wa mtoto, mlete. Nipo barazani kwangu kila siku baada ya Alasiri, isipokuwa Ijumaa. Nitamwonyesha karatasi zote mbili.